Bibi Yako Ndiye Aliyeiona Filamu

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, niko Dodoma, naishi na bibi yangu. Napenda filamu za kutisha na zile za kisayansi. Huwa nawekewa kwenye flashi au napakua, kisha naangalia kwenye simu. Mwezi huu nimeangalia Us, Nope, A Quiet Place: Day One na Longlegs kwa sababu kila mtu anazisifia. Sijaogopa hata moja. Dune ya pili ndiyo kabisa, nililala katikati. Cha ajabu, usiku ule wa Us bibi alikuwa chumba cha pili, na asubuhi akaniuliza: 'Yule mwanamke aliyekuwa anaongea kama amekabwa koo, alikufa?' Akasema hakupata usingizi. Mimi niliyeangalia nililala fofofo. Je, filamu za siku hizi zimeharibika, au mimi ndiye nina tatizo?"

Marahaba, mwanangu. Huna tatizo, na filamu nazo hazijaharibika kiasi hicho, ingawa kwa moja kati ya hizo nne nitakuunga mkono. Ila hilo la bibi nimelisoma mara tatu. Umeuliza swali na jibu ukaliweka humohumo katikati bila kujua: aliyekuwa na picha mbele yake alilala, aliyekuwa na ukuta mbele yake akakesha.

Kazi yangu ni kuchanganya sauti za filamu. Nimeifanya Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa tamthilia na matangazo ya sabuni, pamoja na filamu za kutisha kama saba hivi, nyingine nisingependa ujue nilishiriki. Kwa hiyo nisome ukijua ninavutia kwangu. Nilipokuwa mdogo, kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, watoto tulijiziba uso kwa viganja tukachungulia katikati ya vidole. Sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuziba masikio. Tulidhani tunajikinga, kumbe mlango tumeuacha wazi.

Tuanze na usiku ule. Us ni ya Jordan Peele, ilitoka 2019, na Lupita Nyong'o anacheza watu wawili: Adelaide, mama mwenye mume na watoto wawili aliyekwenda mapumziko pwani, na Red, pacha wake aliyetoka chini ya ardhi na mkasi. Bibi alichokisikia ni sauti ya Red. Lupita alieleza baadaye kwamba aliichonga sauti hiyo akianzia kwenye maradhi halisi ya koo, yale yanayofanya misuli ya sauti ijikaze yenyewe mtu akitaka kuzungumza. Wenye maradhi hayo walilalamika kwamba wamefanywa mazimwi, naye akaomba radhi. Nawaelewa waliolalamika. Hata hivyo, kama fundi, nasema katika miaka hii yote sijasikia kazi ya koo inayoikaribia ile, na kwamba hakuteuliwa hata kuwania Oscar ni aibu ya wale wapiga kura, si yake. Red haongei kwa kutoa pumzi kama mimi na wewe. Anaongea kama mtu anayevuta kila neno kutoka kisimani kwa kamba iliyochakaa, na kila anapofika mwisho wa sentensi unasikia kamba inataka kukatika.

Sasa, kwa nini sauti hiyo ilimfikia bibi, na vishindo vingine vyote havikumfikia? Nahisi nyumba yenu haina dari, ukuta unaishia chini ya bati, sauti inaruka juu. Lakini kuna sababu nyingine, nayo ndiyo nusu ya jibu langu. Sikio zima la binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000. Spika ya simu, hata ya simu ya bei mbaya, ni kidude kisichozidi ncha ya kidole. Chini ya mitetemo 200 hivi haina cha maana inachotoa. Inachokiweza ni sauti ya mtu, maana simu ilizaliwa kwa ajili ya kuongea. Bibi alipata lile ambalo simu yako inaliweza. Wewe ulikuwa unasubiri yale isiyoyaweza.

Huko chini ya 200 ndiko tunakoishi sisi watu wa filamu za kutisha. Tunaweka mngurumo mdogo usiosikika kama sauti. Mtu anausikia kwenye kiti, kifuani, wakati mwingine kwenye meno, na tunauweka dakika nzima kabla ya jambo lolote kutokea. Kwenye picha, msichana anaosha vyombo tu. Mtazamaji anaanza kujisogeza kwenye kiti, anamshika mwenzake mkono, hajui kwa nini. Mlango ukija kujibamiza, mwili ulishakuwa tayari zamani. Kwenye simu yako mngurumo huo haupo kabisa. Umepata msichana anaosha vyombo, halafu mlango unajibamiza. Ni pilau iliyosahauliwa bizari: wali upo, nyama ipo, na unashangaa watu wanasifia nini.

Nikupe kisa kimoja. Miaka kadhaa nyuma tulionyesha filamu fupi ya kutisha katika ukumbi mmoja Tanga. Msichana anakwenda kisimani magharibi, kisima kinamwita kwa jina lake. Niliihangaikia sauti ile ya kisima wiki tatu. Siku ya onyesho umeme hakuna, jenereta limewekwa nyuma ya turubai, linanguruma kama trekta, na kazi yangu yote ikazama humo. Watu wanatafuna karanga. Kisima kikaita, na bwana mmoja wa viti vya nyuma akaitikia kwa sauti nyembamba, "Abee!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kama dakika tano baadaye jenereta likaisha mafuta. Picha ikazima, feni zikapunguza mwendo moja baada ya nyingine, giza, kimya. Hapo ndipo watu walipopiga yowe. Mtayarishaji alinigeukia mimi, akataka arudishiwe sehemu ya malipo. Nilimwambia zile sekunde kumi za giza ndizo pekee zilizofanya kazi usiku ule, na sikuwa nimezitoza.

Kwa hiyo nilipoingia kuangalia Nope mwaka 2022 nilicheka peke yangu kama mwehu, maana Peele kaijenga filamu nzima juu ya jenereta lililoisha mafuta. Kile kilichojificha kwenye wingu kikikaribia, kila chenye umeme kinakufa. Taa zinafifia, gari linazima, na kuna mahali wimbo unaotoka kwenye spika unaanza kuvutika, unazama, sauti ya mwimbaji inakuwa nzito kama ya mtu anayelewa, hadi unakoma. Sisi wa nchi za kukatika umeme tuna kipaji cha kuiona filamu hii ambacho Mmarekani hana. Unajua ile nukta friji inaponyamaza na ndipo unagundua ilikuwa inapiga kelele siku nzima? Nope inakutisha kwa nukta hiyo. Lakini ukiiangalia jirani kafungulia singeli, friji haijanyamaza kamwe.

Kuna tukio moja naomba ulirudie. Watu walioketi kwenye viti vya maonyesho wamenyakuliwa na kile kiumbe, wote, pamoja na watoto. Baadaye usiku kinakuja kuelea juu ya nyumba ya OJ, mhusika mkuu, na dada yake. Hatuonyeshwi kinachoendelea ndani yake. Tunasikia vilio vya wale watu kutoka juu angani, mbali, vimechanganyika na upepo kiasi kwamba mwanzoni unadhani ni upepo wenyewe. Daniel Kaluuya, anayecheza OJ, amekwama ndani ya gari lililozima. Anafungua mlango, anachungulia juu, anaufunga taratibu, anatamka lile neno moja la jina la filamu. Ningepewa kulitafsiri ningeandika "Thubutu!" Aliyebuni sauti za filamu hiyo ni Johnnie Burn, na mwaka uliofuata alifanya The Zone of Interest, ambayo ilimpatia Oscar ya sauti mwaka 2024 pamoja na Tarn Willers. Hiyo haiuzwi kama filamu ya kutisha. Ni familia ya mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, nyumba nzuri, bustani, bwawa la watoto, na ukuta. Hatuvushwi kamwe kuona mateso ya upande wa pili. Mama anamwonyesha mgeni maua yake, na kutoka nyuma ya ukuta unakuja mlio, ukelele, ngurumo isiyokoma ya tanuru. Jonathan Glazer, mwongozaji, amewafanya watazamaji wote kuwa bibi yako: wamelala chumba cha pili. Ukiniuliza filamu iliyonitisha kuliko zote katika miaka kumi hii, ni hiyo, na sijarudi kuiangalia mara ya pili.

A Quiet Place: Day One ya 2024 nitaipitia haraka, maana nadhani uliiangalia ukitafuta kisichokuwemo. Inafungua kwa maandishi kwamba kelele za jiji la New York zina wastani wa desibeli 90, sawa na mtu anayepiga yowe bila kukoma, halafu inakuletea viumbe wanaowinda kwa sikio. Unategemea mbio. Kumbe ni hadithi ya mwanamke aliyeko kwenye uangalizi wa wagonjwa wasiopona, ambaye dunia ikiisha anataka kipande kimoja cha piza cha mtaa wao wa zamani, na paka wake. Lupita tena, na safari hii uso unafanya kazi iliyofanywa na koo kule. (Alikuwa mwoga wa paka tangu zamani. Baada ya filamu akaenda kuchukua wa kwake wa kufuga.) Mimi ilinihuzunisha, haikunitisha. Kutishwa kaitafute ile ya kwanza, ya 2018. Binti wa familia ile ni kiziwi, na anayemcheza, Millicent Simmonds, ni kiziwi kweli. Kila tunapoingia ndani ya kichwa chake na kifaa chake cha kusikia kimezimwa, sauti inakatwa hadi sifuri. Hakuna upepo, hakuna hata ule mvumo mdogo wa chumba ambao sisi huuweka ili watu wasidhani spika imeharibika. Sifuri. Kuthubutu hivyo kunataka moyo. Mimi sijawahi kuruhusiwa.

Na tuzungumze kidogo kuhusu flashi yako. Hukuniambia kama zilikuwa za kutafsiriwa, lakini nahisi mbili tatu zilikuwa. Sina ugomvi na watafsiri. DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo wa Uganda ni wasanii kamili. Wamechukua ufundi wa mtambaji wa hadithi wakaupandisha juu ya filamu ya Kichina, na filamu nyingi za mapigano zimekuwa nzuri zaidi mikononi mwa watu kama wao kuliko zilivyotoka kiwandani. Lakini mtafsiri analipwa kwa kuongea. Kimya kikiingia, yeye anaona ni nafasi: atatania mavazi ya dada, atasalimia watu wa mtaani kwake, atakuambia "hapa sasa tulia, kuna kitu kinakuja." Filamu ya kutisha, ukishaambiwa kuna kitu kinakuja, imekwisha. Mapigano chukua ya kutafsiriwa. Ya kutisha chukua ya maandishi chini, hata kama Kiingereza kinakusumbua.

Longlegs sasa. Hapa tuko pamoja. Nusu ya kwanza ni ya ajabu: picha pana zenye nafasi tupu nyuma ya mtu, unabaki unaikagua kona ya chumba badala ya kumwangalia anayeongea, na Nicolas Cage wanamnyima uso wake hadi unautamani na kuuogopa kwa pamoja. Halafu karibu na mwisho anakuja mtu kutusimulia yote, hiki kilikuwa hivi, kile kilitoka wapi, nani alibeba nini, kama karani anayesoma kumbukumbu za kikao. Bibi yako angekuambia: pepo akishatajwa jina na ukoo na sababu ya kuja, ni mgeni kama wageni wengine, mtamfukizia ubani mzungumze. Ugonjwa huu wa kueleza umeenea. The Substance ya Coralie Fargeat nayo, niliyoipenda sana, ingepunguzwa nusu saa isingepoteza kitu. Ina saa mbili na dakika 21. Lakini tukio la yule bosi wa televisheni anayekula kamba, mdomo umejaa skrini nzima, na mtu wa sauti kakisogeza kipaza sauti hadi unahisi umekalia ulimi wake, lile nalipigia saluti. Sikula kamba miezi miwili, na mimi ni mtu wa pwani.

Kuna jambo hukuliuliza lakini najua limo, kwa sababu limo kwa kila mtazamaji wetu. Nyumba ina mashetani, kuta zinaongea, na Wazungu bado wanalala humo. "Kwa nini wasihame?" Nimelisikia swali hilo kwenye vibanda tangu utotoni, na ni swali halali. Hofu haiwezi kushika kama unamwona mhusika ni mjinga. Basi itafute His House ya Remi Weekes, ya mwaka 2020. Bol na mkewe Rial ni wakimbizi kutoka Sudan Kusini, wamevuka bahari, wamepewa nyumba ya serikali huko Uingereza wakati maombi yao yanashughulikiwa. Ndani ya ukuta kuna kitu kilichowafuata kutoka baharini. Wahame? Masharti ya hifadhi hayawaruhusu kuishi kwingine. Walalamike? Ofisa atauliza tatizo ni nini, na hawawezi kumjibu "mzimu" wakabaki na nafasi yao nchini. Shetani ndani, karatasi za uhamiaji nje. Sijawahi kusikia mtu aliyeiona akauliza kwa nini hawahami.

Na kama unataka kujua Kiswahili chako kina thamani gani kwenye sinema, rudi nyuma kidogo hadi 2017, Get Out, filamu ya kwanza ya Peele. Chris, kijana mweusi, anapelekwa na mchumba wake mzungu kuwatembelea wakwe. Ni Kaluuya tena, mzaliwa wa London, wazazi wake wakitoka Uganda. Mwanzoni, majina yanapita, miti ya kando ya barabara inakimbia nje ya dirisha la gari, na kuna wimbo: sauti za watu weusi zinanong'ona na kuimba. Mtunzi ni Michael Abels, na wimbo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga". Ni Kiswahili, mwanangu. Sisi tungesema "wasikilize wahenga," kweli, lakini tusiwe walimu wa sarufi mbele ya mtu anayetuonya. Maana ndicho kinachofanyika: wahenga wanamwambia ndugu yao akimbie. Filamu nzima imefichuliwa kabla haijaanza, katika lugha ambayo Chris haielewi, mchumba wake haielewi, na ukumbi mzima wa Los Angeles hauielewi. Wewe na bibi yako mngeielewa. Mara ya kwanza nilipoisikia nilisimamisha, nikarudisha, nikamwita mke wangu kutoka jikoni. Kwa saa moja na dakika arobaini na kitu tulikaa tunajua yule kijana ameshaambiwa, na hakusikia. Hofu ya namna hiyo hakuna fundi wa sauti anayeweza kuitengeneza kwenye mtambo. Na jambo la kusikitisha ni kwamba dakika hizo za majina yanayopita ndizo watu wengi huzirusha mbele.

Kwa filamu za hivi karibuni, Sinners ya Ryan Coogler, ya 2025, inakufaa zaidi wewe unayeishi na bibi. Mississippi ya mwaka 1932, mapacha wawili wanafungua ukumbi wa muziki, usiku wa kwanza wanyonya damu wanafika mlangoni. Sheria ni kwamba hawaingii bila kukaribishwa. Muulize bibi kuhusu mumiani. Wakati wa ukoloni watu wa Mombasa, Nairobi, Kampala hadi huku kwetu waliogopa watu wa kunyonya damu, na kwenye simulizi nyingi walikuwa wafanyakazi wa serikali, wazimamoto, wenye sare na gari. Mumiani habishi hodi wala hangoji karibu. Ndiyo maana mimi yule mnyonya damu wa Coogler alinitisha kwa njia mpya: anabembeleza. Anasimama nje na banjo, ala ya jamii ya gitaa, anaimba vizuri, anawaahidi watu weusi wa Mississippi udugu na usawa ambao jirani zao hawajawahi kuwapa, na unaona baadhi yao wakipiga hesabu. Wa kwetu alitumwa na dola. Huyu anakuja kama rafiki wa wanaoonewa na dola.

Umelala kwenye Dune, sawa. Ina saa mbili na dakika 46, na jangwa kwenye skrini ya inchi sita ni mchanga tu. Mchanga wenyewe ni wa kweli, Abu Dhabi na Wadi Rum kule Jordan. Lakini nadhani ulilala kwa sababu ulikuwa unasubiri vita, na vita vyenyewe ni vya dakika chache. Hebu irudie ukisikiliza maneno. Watu wa jangwani wanamwita Paul, mhusika mkuu, "Lisan al-Gaib". Mmarekani anasikia maneno ya sayari nyingine. Wewe una "ghaibu" kinywani kila siku, umesoma kwa ghaibu, unajua mambo ya ghaibu, na "lisani" ni neno la washairi wetu wa zamani kwa ulimi. Ulimi wa ghaibu. Wanamwita Mahdi, bila hata kubadilisha herufi. Jina lake la jangwani, Muad'Dib, limetoka kwenye mzizi uleule uliotupa "adabu". Riwaya ya Frank Herbert ya 1965 ilitumia neno jihadi waziwazi. Filamu ikaona haya ikasema vita vitakatifu. Sasa ongeza hili: unabii wote huo ulipandwa makusudi, vizazi vingi nyuma, na wanawake wa kikundi cha siri, ili siku mmoja wao akipotea jangwani akute watu wameshaandaliwa kumpokea. Mtazame Stilgar, mzee mwenye imani. Paul akikiri kuwa si yeye, Stilgar anafurahi: unyenyekevu huo ndio dalili yenyewe! Ukumbini watu walicheka. Mimi nilicheka mara mbili, ya tatu nikaacha, kwa sababu sura yake nimeiona kwa watu ninaowapenda. Kwangu hiyo ndiyo filamu ya kutisha kuliko Longlegs, na haina hata mzimu mmoja.

Zile za kisayansi nyingine siku hizi naziona zimegawanyika vibaya. Kuna zenye fedha ya kumwaga na hazina la kusema, na kuna Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, ya 2023, ambayo vipande vyake vyote 610 vyenye madoido ya kompyuta vilifanywa na watu 35 tu, ikawashinda wakubwa wa Hollywood kwenye Oscar ya madoido ya picha. Ngurumo ya yule dubwana waliipiga kwa spika za uwanja wa besiboli wakarekodi jinsi uwanja ulivyoijibu. Ndiyo maana inasikika kama ina mahali inapotoka. Na kuna Neptune Frost ya 2021, iliyopigwa Rwanda, hadithi ikiwa ya Burundi: wachimba koltani, wadukuzi, mwili unaobadilika, na Kiswahili kikiwa kimojawapo cha lugha zake. Sikuelewa robo yake, nakiri, na bado nimeiangalia mara tatu. Ni filamu inayojua madini ya ndani ya simu yako yanachimbwa na nani.

Basi fanya hivi. Nunua hedifoni zinazoziba sikio, hata za shilingi 15,000. Si spika ya ukumbi, lakini ule mngurumo wa chini utaanza kuupata. Subiri saa nne za usiku jirani azime singeli. Zima data ili ujumbe usikatize, zima taa, usirushe majina ya mwanzo, usiongeze mwendo. Anza na Nope, uione hadi mwisho bila kusimamisha, ufuatie Get Out. Us iache ya mwisho, na hiyo usivae hedifoni. Iangalie na bibi, kwenye televisheni kama ipo, umtafsirie wewe mwenyewe, kwa maneno machache.

Na swali lake ulikuwa hujamjibu. Mwambie ndiyo, yule mwenye sauti ya kukabwa alikufa. Halafu usiongeze neno. Filamu ikiisha atakuuliza sasa aliyebaki hai na kurudi nyumbani na watoto ni yupi, na kwa jinsi alivyomsikia ukutani usiku ule, sitashangaa kama atakuwa ameshajua kabla yako.